Sura ya Nne: Usiku wa Alhamisi

Haraka haraka ina baraka. Katika karakana ile ya magurudumu ya treni hakuna fundi aliyeyasema maneno hayo kwa mzaha. Chuma kilichoyeyuka kilipomiminwa kwenye kalibu ya mchanga, ukingo wa gurudumu ulikutana na pete nene ya chuma baridi, ukapoa kwa pumzi chache tu, na haraka hiyo ndiyo iliyoufanya uwe mweupe na mgumu, reli isiweze kuula. Tumbo la gurudumu lilitaka kinyume chake. Bamba na kitovu vilihitaji giza, joto la kupungua polepole, na usingizi wa usiku nne ndani ya shimo la matofali. "Ukingo ni mke mwenye hasira, kitovu ni mume mvivu," mafundi walipenda kusema, "na sisi ndio washenga."

Sikio aliyajua hayo tangu hajafikia kimo cha ekseli. Jina hilo hakupewa na wazazi. Baba yake alikuwa mgonga magurudumu, mtu wa kutembea kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu akisikiliza mlio wa kila gurudumu, na binti aliirithi kazi ile miaka sita kabla shirika la reli halijampa mkoba na cheo cha mpelelezi wa ajali. Mkoba aliuzoea. Nyundo hakuiacha.

Saa tatu ya asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kibanda cha vielelezo. Mwanga uliingia kwa matundu ya bati na kusimama hewani kama fito, na vumbi la mchanga mweusi lilipanda na kushuka ndani yake bila nia yoyote ya kutua. Mbele yake vililala vipande vitatu vya gurudumu.

"Mama, vipande hivyo haviongei," alisema Meneja wa karakana, aliyesimama mlangoni akiitazama saa yake.

"Vinaongea, Bwana Meneja. Ila vinanong'ona."

"Basi vihimize. Saa nane mchana nyundo inaanza kazi."

Siku nane zilizopita gurudumu lile lilipasuka kwenye kona, chini ya behewa la mwisho la treni ya mizigo. Behewa lilianguka na mifuko yake ya saruji, na gadi wa treni aliyekuwa ndani hakutoka mzima. Gurudumu lilikuwa la muundo mpya: halikuwa na spoki, bali bamba zima lililopinda kama wimbi kutoka kitovuni hadi ukingoni. Meneja hakuhitaji zaidi ya hapo. Kilicho kipya ndicho chenye makosa. Ikifika saa nane, magurudumu sitini ya muundo huo yaliyobaki uani yatavunjwa na kurudishwa tanurini, Mchoraji wake atafukuzwa, na karakana itarudia spoki. Magurudumu ya spoki, mwaka uliopita peke yake, yalipasuka kumi na moja. Hakuna aliyeagiza yavunjwe, kwa sababu watu walikwisha kuyazoea.

Sikio alivisogeza vipande. Cha kwanza na cha pili vilishikana vizuri. Cha tatu kilikataa. Alikisukuma kwa goti, akakigeuza, akakisukuma tena, palibaki mwanya. Alitoa kitambulisho chake mfukoni akakipenyeza kwenye ule mwanya. Kikapita.

"Unaona nini?" Meneja aliuliza.

"Kitu kilichovunjwa kwa kupigwa, ukikirudisha kinakutana. Hiki kimeachana kama watu waliovutana kwa muda mrefu, kamba ikakatika, kila mmoja akaanguka kwake."

"Mashairi hayo."

"Njoo ulitazame shairi basi." Alimulika tochi mahali palipopasuka. Ukingo ulikuwa mweupe kwa upana wa kidole gumba, kisha kijivu laini hadi kitovuni. "Rangi ni ile inayotakiwa. Hakuna tundu la hewa, hakuna mchanga ndani. Waliomimina walijua kazi. Na hakuna kutu. Ufa wa zamani huwa na kutu. Kwa hiyo mgonga magurudumu wa kituoni hakupitwa na ufa. Siku ile asubuhi haukuwepo."

"Si ndivyo nilivyosema? Ni mchoro."

Sikio alisimama. Gurudumu pacha, lililofungwa upande wa pili wa ekseli ileile, lilikuwa limening'inizwa kwa mnyororo pembeni. Aliinua nyundo yake, akaligonga mara moja.

Mlio ulitoka mwembamba, wa juu, mrefu mno. Ulizunguka kibandani, ukagusa bati, ukarudi, ukaelea juu ya vichwa vyao kama kitu kilichosahau njia ya kutokea. Meneja aliacha kuitazama saa. Hata vumbi lilionekana kusikiliza.

"Zuri," alinong'ona Meneja, bila kujua kwa nini alinong'ona.

"Si zuri. Gurudumu lililotulia lina sauti ya mtu aliyeshiba. Hili linalia kama waya uliokazwa." Sikio alilishika kwa kiganja, likanyamaza. Kwenye bamba lake palikuwa na namba ya rangi nyeupe: saba. Kwenye kipande cha pili pale sakafuni palikuwa na namba hiyohiyo. "Haya mawili yalilala wapi?"

"Shimo la saba. Yaliingia kumi. Mawili yalifungwa, manane yapo uani pamoja na mengine."

"Nataka kuzungumza na aliyeyachora, kisha na aliyeyalaza."

"Aliyeyachora amekwisha kukiri," alisema Meneja. "Utajisumbua bure."

* * *

Chumba cha kuchorea kilikuwa ghorofani, juu ya tanuri, na sakafu yake ilikuwa ya uvuguvugu kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mchoraji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akifungasha penseli zake kwenye kopo la maziwa. Hakuinua kichwa.

"Andika ni mchoro," alisema. "Bamba ni jembamba. Nilikosea. Nipe nitie sahihi."

"Jembamba wapi?"

"Lote."

"Nionyeshe kwenye mchoro."

Mchoro ulikuwa ukutani, mkubwa kama shuka, umebandikwa kwa pini nne. Mchoraji aliusogelea, akainua kidole, kidole kikatembea juu ya karatasi kutoka kitovuni kwenda ukingoni, kikapanda wimbi na kushuka, kisha kikarudi. Hakikupata pa kusimama.

"Dada yangu," alisema Sikio, "umekiri haraka kuliko ukingo unavyopoa. Nimekaa na waongo wengi. Mwongo aliyejiandaa huwa na jibu la swali la pili."

"Sina la kuongeza."

"Sawa. Tuache ajali. Nieleze tu kwa nini uliziacha spoki, maana mimi nimezigonga miaka sita na bado sielewi kwa nini zilikuwa zinapasuka."

Mchoraji alisita. Kisha penseli ilitoka koponi.

"Kwa sababu kila spoki inapoa kwa wakati wake," alisema. "Chuma kikipoa kinasinyaa. Hii imesinyaa, hii bado, na zote zimeshika kitovu kimoja. Ni kama ndugu sita wanavuta shuka moja. Zamani mafundi walikipasua kitovu kwa makusudi ili kipumue, halafu wakakifunga tena kwa pete. Kiraka juu ya kiraka. Mimi nikasema, acha ndugu wote wawe kitu kimoja, bamba moja, na lisinyooke. Likinyooka halina pa kwenda. Likipinda, linaposinyaa linakunja kidogo tu, hivi." Alikunja kiwiko na kukikunjua. "Linatoa nguvu zake kwenye kiwiko. Nililidondoshea uzito mara kumi na tano kabla halijaruhusiwa kuingia njiani. Mara kumi na tano, na halikupasuka. Spoki hufika tano."

"Na ni jembamba."

"Si jembam—" Aliuma mdomo.

Chini yao tanuri lilivuta pumzi. Daftari la kumimina chuma lilikuwa wazi mezani, na Sikio aliligeuza bila kuomba ruhusa. Kila mstari ulikuwa na siku, wakati na shimo. *Jumatatu, alasiri. Jumanne, alasiri.* Shimo la saba lilikuwa na mwandiko uleule, ila maneno yalikuwa mengi zaidi: *Alhamisi, saa mbili usiku. Mkanda wa feni ya tanuri ulikatika mchana, tumechelewa.*

"Mmewahi kumimina usiku kabla ya hapo?"

"Hapana. Siku ile tu."

"Nani aliyaweka shimoni?"

"Mimi na mwendesha winchi. Mlinzi wa mashimo hakuwepo, alikuwa mapumzikoni kwa ajili ya jino, Jumatano hadi Ijumaa. Nikamwachia karatasi."

"Nani aliyatoa?"

Mchoraji aliirudisha penseli koponi taratibu, ncha juu.

"Mlinzi wa mashimo," alisema.

"Yule wanayemwita Mzee Shimo. Ni nani wako?"

"Umejuaje kwamba ni wangu?"

"Nimeuliza nani aliyaweka, ukanitazama. Nimeuliza nani aliyatoa, ukatazama kopo."

"Ni mjomba wangu," alisema Mchoraji. "Ndugu wa mama, tumbo moja. Yeye ndiye aliyeniingiza karakana hii nikiwa natoka chuoni, wakati wengine wanasema mwanamke atachora mapazia. Andika ni mchoro, dada. Nakuomba."

* * *

Mwendesha winchi alikuwa mtu mnene aliyekaa juu kwenye kiti chake kama ndege kwenye kiota, na kitabu chake kilining'inia kwa kamba. Alikishusha bila kushuka mwenyewe. Kilikuwa na siku, saa na shimo, basi. Sikio aliupata mstari: *Jumapili, saa moja asubuhi, shimo 7, kutoa kumi.*

Alihesabu kwa kidole kwenye paja. Alhamisi usiku, Ijumaa usiku, Jumamosi usiku. Tatu. Magurudumu yale yaliamshwa kabla ya wakati, ukingo umekwisha kupoa zamani na tumbo bado na joto lake, na lilipomaliza kusinyaa nje, hewani, lilimvuta mwenzake kwa chuki. Huo ndio mwanya. Huo ndio mlio.

"Kuna mwingine aliyekiomba kitabu hiki?" aliuliza.

"Mchoraji, juzi," alijibu mwendesha winchi kutoka juu. "Alikisoma, akakifunga, akaniambia asante. Mimi nikajua pana jambo. Yule hana kawaida ya kusema asante."

"Na wewe Jumapili ile hukuona kitu?"

"Bi Sikio, mimi huku juu naona vichwa vya watu tu. Mzee akisema inua, nainua. Akisema shusha, nashusha. Siku akiniambia ruka, ndiyo nitauliza."

* * *

Mashimo ya kupozea yalikuwa nyuma ya karakana, kumi na mbili, kila moja na kifuniko cha bati na udongo. Joto lilipanda juu yake likatetemesha kila kitu kilichokuwa upande wa pili, hata ukuta ukaonekana kama umechorwa juu ya maji. Mzee mmoja alikuwa akitembea katikati ya vifuniko kwa ndala, polepole, kama mtu anayepita chumba chenye watoto wachanga. Alipomwona Sikio aliweka kidole mdomoni, kisha akacheka mwenyewe.

"Mazoea," alisema. "Karibu, mwanangu. Wewe ndiwe yule wa maswali."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa pale kwenye tofali, usikae kwenye kifuniko, utaiva."

Alikaa. Mzee Shimo alibaki amesimama.

"Shimo la saba," alisema Sikio.

"Nilijua. Yalilala usiku nne kamili. Wameniuliza mara tatu, nimejibu mara tatu. Miaka ishirini na saba niko hapa, sijawahi kuliamsha gurudumu kabla ya wakati wake. Hata siku ya harusi ya mwanangu nilikuja kwanza hapa, nikavaa kanzu ya harusi baadaye."

"Kitabu cha winchi kinasema uliyatoa Jumapili asubuhi."

"Ndiyo. Jumapili, saa moja."

"Mzee, mimi nahesabu tatu."

Uso wa mzee ulijifunga kama mlango. "Hesabu yako ina kasoro."

"Yawezekana. Nihesabie wewe."

Mzee Shimo aliinua mkono wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vyeusi, na alivikunja kimoja kimoja, kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi. "Usiku wa Alhamisi. Usiku wa Ijumaa. Usiku wa Jumamosi. Usiku wa Jumapili. Pakakucha, nikatoa. Hivi ni vidole vingapi?"

"Vinne."

"Basi."

Sikio alivitazama vidole vile kwa muda. Upepo mdogo ulipita, na ukuta wa kule mbele ukayumba na kurudi mahali pake.

"Karatasi aliyokuachia Mchoraji bado unayo?"

"Mimi situpi maandishi." Alikwenda kwenye nguzo iliyokuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari palichomwa karatasi nyingi, moja juu ya nyingine. Alizipekua, akachomoa moja, akampa. Maneno yalikuwa machache, ya mwandiko wa chuo ulionyooka: *Shimo 7. Magurudumu kumi. Yameingia usiku wa Alhamisi. Yalale usiku nne.*

Sikio aliisoma. Akaisoma tena. Akaiweka juu ya goti na kuilainisha kwa kiganja.

"Mzee wangu. Usiku wa Alhamisi ni upi?"

"Swali gani hilo? Ni ule wa kuamkia Alhamisi. Jua la Jumatano likizama, umekwisha kuingia Alhamisi. Kwani kuna mwingine?"

"Na ule unaokuja baada ya mchana wa Alhamisi?"

"Huo ni usiku wa Ijumaa. Nyie watoto wa siku hizi mlifundishwa na nani?"

"Bibi yangu alinifundisha kama wewe," alisema Sikio. "Shuleni wakanifundisha vingine. Mchoraji naye ni mtu wa shule." Alinyanyua karatasi. "Magurudumu haya yalimiminwa Alhamisi, saa mbili usiku, jua limekwisha kuzama. Hukuwepo. Karatasi zote nyingine kwenye msumari wako bila shaka zinasema alasiri, na alasiri haina ugomvi. Hii ni ya kwanza kusema usiku."

Mzee Shimo aliinua tena mkono wa kushoto, akavikunja vidole vinne. Akakifungua kimoja. Akakitazama kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. Kisha akakaa, na akakaa juu ya kifuniko, palepale alipomkataza mgeni asikae, na Sikio ndiye aliyemshika bega akamsogeza kwenye tofali.

"Tatu," alisema mzee.

"Tatu."

"Gadi yule alikuwa akipita hapa kila wiki kuota joto. Alisema mgongo wake unapenda mashimo yangu." Alifuta uso kwa upindo wa shati. "Sikia, mwanangu. Andika ni mimi. Andika mzee macho yamekwisha, alikosea kuhesabu. Mchoro wa mpwa wangu usiguswe. Ukiguswa watarudisha spoki, na spoki zitaua wengine."

Sikio alicheka kidogo, bila furaha. "Familia yenu. Watu wanagombea urithi, nyinyi mnagombea hatia. Naye ameniomba niandike ni yeye."

"Yeye? Kwa nini?"

"Alikiona kitabu cha winchi. Alidhani ulifanya haraka."

Mzee aliinua kichwa. Hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza, lilionekana machoni.

"Mimi?" alisema. "Haraka?"

* * *

Saa nane kasoro robo uani palikuwa pamejaa. Mafundi walikuwa wamesimama kivulini, kimya, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Magurudumu sitini yaliegemea ukuta kwa safu, na jua la mchana liliyapaka mng'ao mweupe kwenye kingo hadi yakaonekana kama miezi iliyoshushwa chini ihesabiwe. Katikati ya ua palikuwa na nyundo: pande la chuma linalovutwa juu kwa kamba katikati ya nguzo mbili, kisha kuachiwa.

"Umepata?" aliuliza Meneja.

"Nimepata. Nipe magurudumu mawili tu kabla hujaanza. Moja lenye namba saba, moja lenye namba nyingine yoyote. Mchoro mmoja, chuma kimoja, mikono ileile."

"Hiyo itathibitisha nini?"

"Ikiwa ni mchoro, yatakufa sawasawa."

Meneja aliwatazama mafundi, nao wakamtazama yeye. Aliashiria kwa kidevu.

Kwanza Sikio aliyagonga. Gurudumu la shimo la nne lilitoa sauti nzito, ya chini, iliyotembea ardhini na kuingia kwenye nyayo za watu. La shimo la saba lililia juu, jembamba, na mwendesha winchi kule kwenye kiota chake alitia vidole masikioni.

Wakaliweka la saba chini ya nyundo. Pigo la kwanza likapita. La pili lilipotua, gurudumu lilifunguka lenyewe kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, vipande vikaruka pembeni. Sikio aliomba mafundi wawili wavirudishe pamoja. Walisukuma. Mwanya ukabaki, na kila aliyekuwa mbele akauona.

Wakaliweka la nne. Watu walianza kuhesabu kwa midomo, bila sauti. Tano. Nane. Kumi na moja. Nyundo ilipanda na kushuka kwa utaratibu wa mtu anayepumua usingizini, na gurudumu lilikaa tu pale likipokea. Kumi na tano. Kumi na saba. Pigo la kumi na tisa mtu wa kamba aliiachia kamba, akasema mkono wake unauma na gurudumu haliumwi.

Mchoraji alikuwa ameingia uani wakati wa pigo la kumi, kopo lake la penseli kwapani. Alisimama karibu na mjomba wake. Hawakutazamana.

Sikio alieleza kwa maneno machache: mkanda wa feni, chuma kumiminwa usiku, karatasi, vidole vinne. Alisoma karatasi kwa sauti. Aliposema "usiku wa Alhamisi", ua uligawanyika papo hapo. Wazee walitikisa vichwa upande mmoja, vijana upande mwingine, na fundi mmoja wa makamo alisema kwa sauti kwamba yeye binafsi huwa hajui, humuuliza mkewe.

"Hakuna aliyefanya uzembe na hakuna aliyesema uongo shimoni," alimalizia Sikio. "Maneno mawili yamesomwa kwa njia mbili, zote za Kiswahili. Saba yaliyobaki ya shimo la saba yavunjwe. Mengine yote yaende kazini." Alitoa karatasi yenye muhuri wa shirika, lililompa mpelelezi neno la mwisho juu ya magurudumu, akaiweka juu ya gurudumu lililokataa kuvunjika. "Amri ya kuvunja imefutwa."

Meneja aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kuyavunja magurudumu hakukuwa juu yake tena, basi alitafuta kilichobaki mikononi mwake.

"Vizuri," alisema. "Magurudumu yamepona. Lakini huyu," alimwelekezea Mchoraji kidole, "alitia ofisi yangu gizani. Alikiri kosa ambalo halikuwepo. Alikiona kitabu cha winchi akanyamaza. Mimi ningevunja mali ya karakana kwa sababu ya mdomo wake. Meza ya kuchorea ni ya ofisi. Akitaka kurudi kwenye meza hiyo, aiombe ofisi radhi, hapahapa, mbele ya wote."

Mzee Shimo alimgusa mpwa wake kiwiko. "Sema tu, mama. Neno halivunji mfupa."

"Ulisikia nilivyokudhania, Mjomba?" Mchoraji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilisikia. Tutagombana nyumbani."

"Hilo lako nakupa sasa hivi. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema mzee. "Sasa mjibu mwenye meza."

Mchoraji aliliweka kopo la penseli chini, kwenye mchanga.

"Maelezo yangu ya asubuhi nitayafuta kwa mkono wangu na kuandika ya kweli," alimwambia Meneja. "Karatasi za msumari zimekwisha leo. Kuanzia kesho tarehe na saa zichongwe kwenye kalibu, gurudumu lizaliwe nazo, asiwepo wa kuandika wala wa kusoma vibaya. Bamba nitaliongezea wimbi la pili. Gurudumu linalotegemea kila mtu aelewe neno moja sawasawa bado halijawa imara, na hilo ni langu, nalibeba. Jioni hii nitakwenda kwa mjane wa gadi pamoja na mjomba, tukae chini, tumweleze yote. Radhi ni yake. Atakachosema nitakisikiliza hadi mwisho."

"Na ofisi?" aliuliza Meneja.

"Ofisi haikufiwa na mtu."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, binti. Meza yako iko juu pale."

Kamba ya nyundo ilikuwa ikijisokota na kujisokotoa polepole kwenye nguzo zake. Sikio alikuwa amefungua daftari lakini hakuwa akiandika.

"Niliona nyundo inamjia ndugu wa mama yangu, nikasimama mbele yake," alisema Mchoraji. "Ikija tena nitasimama palepale. Siombi radhi."